Glanza au Runx Z: gari lipi dogo la mbio ulinunue kama utalitengeneza mwenyewe huku Nyanda za Juu Kusini

Mtu ameona Toyota Starlet Glanza namba B inauzwa Soweto, hapa Mbeya. Wiki hiyohiyo anaambiwa kuna Runx Z namba C iko Mafinga, na bei zinakaribiana. Hana uwezo wa kumlipa fundi kila mwezi. Ana ua lenye sakafu ya zege, jeki, stendi mbili, boksi la spana na jioni mbili tatu kwa wiki. Achukue lipi?

Mimi nimeishi na Glanza miaka saba hapa Uyole. Mdogo wangu yuko Iringa, ana Runx Z, na kazi zote kubwa za gari lake tumezifanya wote wawili, mara kwake Kihesa, mara hapa kwangu. Jibu langu nalitoa mapema: kwa mtu atakayelishika gari kwa mikono yake, tena akaishi kwenye mwinuko huu wetu, nachagua Glanza. Ila sababu zangu si zile unazozisikia vijiweni, na wapo watu ambao nitawaambia bila kusita wachukue Runx.

Nguvu za kwenye karatasi na nguvu za Mbeya

Glanza V, bodi EP91, ilitengenezwa kati ya 1996 na 1999. Injini yake ni 4E-FTE ya cc 1,331, ina turbo ndogo aina ya CT9, na inatoa nguvu farasi 135. Gari zima lina kilo 900 na ushee. Runx Z, bodi ZZE123, ilianza kutoka 2001. Imebeba 2ZZ-GE ya cc 1,795, haina turbo, inatoa nguvu farasi 190 mshale ukiwa kwenye mizunguko 7,600, na uzito wake unakaribia kilo 1,200. Allex RS180 ni pacha wake. Ninayoyasema hapa yanaihusu pia.

Kwa hesabu hiyo Runx imeshinda, na kwa mtu wa Dar es Salaam hakuna ubishi. Lakini Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo wa karibu asilimia 82 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo nguvu zake hupungua kwa kiasi hichohicho. Zile 190 hapa zinakuwa kama 155 au 160, na ukipanda barabara ya Chunya zinaendelea kupungua.

Turbo nayo haiponi kabisa, ila inaumia kidogo. Glanza ya kiwandani inasukuma kama baa 0.65 juu ya hewa ya nje. Pwani injini inapata jumla ya baa 1.66, hapa inapata 1.48. Upungufu ni kama asilimia 11, hivyo 135 zinabaki karibu 120. Sasa gawanya uzito wa kila gari kwa nguvu iliyobaki. Yote mawili yanaangukia kati ya kilo saba na nusu na nane kwa kila nguvu farasi moja. Glanza iliyoachwa nyuma kule Dar imekuja kusimama bega kwa bega na mwenzake Mbeya.

Na usukani unakwambia hivyohivyo. Mlima wa kutoka Uyole kwenda Isyonje, Glanza inapanda gia ya tatu mshale ukiwa 3,500 na bado inavuta. Runx Z ukitaka ivute kwenye mlima uleule lazima uishushe gia mpaka mshale upite 6,000, maana nguvu zake zote zimelala huko juu. Wapo wanaopenda sauti ile ya juu, na mdogo wangu ni mmoja wao. Ila kwa barabara zetu zenye vijiji, punda, bodaboda na trafiki wa tochi, ni mara ngapi utapita 6,000 kwa halali?

Chuma na aluminiamu

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na nitakaa kidogo.

Bloku ya 4E-FTE ni ya chuma. Ikichoka, ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, karakana yoyote yenye mashine ya kuchonga silinda itaichonga, utafunga pistoni za saizi ya juu na ringi zake, na injini inarudi kazini. Bloku ya 2ZZ-GE ni ya aluminiamu, na kuta za silinda zake ni za mchanganyiko maalumu wa aluminiamu na nyuzi ngumu. Haichongwi kama chuma. Silinda ikishapata mikwaruzo, watu wengi wanaishia kutafuta injini nyingine ya mtumba, na 2ZZ ya mtumba iliyo nzima haipatikani kirahisi.

Pili, 2ZZ ina utaratibu wa VVTL-i. Chini ya mizunguko 6,000 hivi, valvu zinafunguliwa na kemu ya upole. Ukipita hapo, presha ya oili inasukuma pini, kemu ya pili iliyo ndefu zaidi inashika, na sauti ya gari inabadilika ghafla. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi. Ila inategemea vitu viwili ambavyo mnunuzi hapewi habari zake: joto la maji, na boliti mbili ndogo zilizo ndani ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini.

Runx ya mdogo wangu ilikuja bila huo mlio wa pili. Aliyemuuzia alisema ndivyo zilivyo. Tuliifungua asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa unaijua, vidole vimekufa ganzi. Jambo la kwanza tulilokuta ni kwamba themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, haipo. Fundi fulani huko nyuma aliitoa na kuitupa, kama wanavyofanya wengi gari likichemsha mara moja. Kwa hiyo maji yalikuwa hayapati joto kwenye mteremko, na kompyuta ya gari hairuhusu kemu ya pili mpaka maji yafike karibu nyuzi 60. Tukafunga themostati mpya, mlio ukarudi. Tulishangilia barabarani kama watoto.

Miezi mitano baadaye ukapotea tena. Safari hii tukavua tapeti kava, kazi ya nusu saa, na kuzitoa zile boliti mbili zinazopitisha oili kwenye shafti za roka. Ya upande wa egzosti ilikuwa imeliwa ubavuni, imeng'aa kama imepigwa tupa, na ukiishika kati ya vidole unahisi pale ilipopungua. Ingekatika, kipande kingebaki ndani ya hedi. Boliti za injini za miaka ya mwanzo zina ugonjwa huo. Toyota walizibadilisha baadaye. Zenyewe ni kitu kidogo kinachokaa kwenye kiganja, na kuzifunga mpya ni kazi ya kufanyika nyumbani kabisa. Shida ni kuzipata. Duka moja Mwanjelwa kijana aliniletea boliti tofauti akasema, "Kaka, hizi zote ni ZZ, inaingia tu." Haiingii. 1ZZ ya Runx ya kawaida haina utaratibu huo kabisa. Ilibidi tuagize kwa namba ya chesisi, tukasubiri.

Ugonjwa wa tatu wa 2ZZ hauonekani kwa macho: mtu akikosea gia, akatoka ya nne akaingiza ya kwanza badala ya ya tatu, injini inazungushwa kupita uwezo wake, na gia za pampu ya oili zinaweza kupasuka. Hujui mwenye gari wa kabla yako aliendesha vipi.

Glanza nayo ina yake, sitaificha. Turbo inachoka, na dalili yake ni moshi wa bluu unapokanyaga baada ya gari kusimama muda likiunguruma. Pistoni zake hupasuka kwenye ngazi za ringi endapo mtu aliongeza busti, yaani presha ya turbo, bila kuongeza mafuta. Gasketi ya hedi nayo huungua kwa sababu ileile. Na ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, wakati Runx ina cheni. Tofauti ni kwamba haya yote nimeyaona, nimeyashika, na mengine nimeyarekebisha kwenye zege la nyumbani. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji na gasketi nyingi zinashirikiana na 4E za kawaida, zile za Starlet na Corolla ambazo mafundi wa hapa wamezizoea tangu zamani.

Kujua gari linaumwa nini

Runx Z ina soketi ya kuchomeka kifaa cha kupimia, na kifaa kidogo cha bluetooth chenye programu ya simu kinasoma mambo mengi. Glanza ni ya zama za kabla ya hapo. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa majina ya matundu ndani ya kifuniko chake. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la TE1 na E1, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Waya huo mimi ninao kwenye kisanduku cha gari, umekunjwa kama herufi U. Haujawahi kuniomba bando wala betri.

Kwa hiyo kwenye kupima, Runx inakupa taarifa nyingi zaidi, na Glanza inakupa chache ambazo hazihitaji kifaa. Nikiwa mkweli, kwa anayeanza, programu ya simu inasaidia zaidi, hasa kuona joto la maji kwa namba na si kwa mshale.

Kuna kosa moja la vipimo linaloua injini nzima huku kwetu, na linahusu magari yote mawili. Unapopima kompresheni, geji inapima hewa iliyobanwa, na hewa ya Mbeya tangu mwanzo ni nyepesi. Injini inayosoma 180 psi pwani inaweza kusoma chini ya 150 hapa, na iko salama kabisa. Nimesikia mtu akiambiwa asuke injini kwa sababu namba hazikufika zile za kitabu. Angalia usawa: silinda zote nne zisitofautiane kwa zaidi ya kilo moja kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 14. Moja ikiwa chini peke yake, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Maji

Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi hapa kwetu. Kifuniko kilicholegea mpira wake, kitu cha bei ya chakula cha mchana, kinakurudisha kwenye 94, na feni yenyewe inawaka kwenye joto linalokaribiana na hilo.

Hapa Runx ina nafuu: rejeta yake ni kubwa na injini haina turbo ya kuongeza joto chini ya boneti. Glanza ina eneo dogo, turbo iko mbele karibu na rejeta, na intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, iko juu ya injini inakalia joto. Ndiyo maana hela yangu ya kwanza kwenye Glanza haikwenda kwenye nguvu. Nilinunua rejeta nene zaidi, kifuniko kipya, themostati mpya na kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti haihusiani na kuchemka tu. Inazuia kutu ndani ya ile bloku ya chuma. Maji ya bomba peke yake yanaifanya iwe na uji wa rangi ya udongo ndani ya miaka miwili.

Kuteremka

Watu wa mbio wanazungumzia kupanda. Sisi wa huku tunajua kinachoua ni kuteremka: Iwambi kwenda Mbalizi, Isyonje kwenda Tukuyu, na Kitonga kwa anayeelekea Dar.

Runx Z imeshinda hapa waziwazi. Ina diski magurudumu yote manne, na injini yake ya cc 1,795 yenye mgandamizo wa 11.5 kwa 1 inazuia gari vizuri ukiweka gia ya tatu au ya pili. Injini ndogo ya Glanza, yenye mgandamizo mdogo kwa ajili ya turbo, ukiachia mafuta kwenye mteremko gari linaendelea kukimbia. Inakulazimu kutumia breki zaidi, na breki zinazotumika sana zinapata moto.

Moto huo unafika kwenye mafuta ya breki. DOT 4 mpya inachemka si chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta ya breki yanavuta unyevu, na yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa kifuku cha Mbeya na Tukuyu, unyevu haukosekani. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini huku gari haliitiki. Mimi nimeipata hali hiyo mara moja, Kitonga, nyuma ya lori la mbao. Nilipampu pedali, nikaingiza ya pili, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na lori likapata nafasi ya kusogea. Tangu siku ile nabadilisha mafuta ya breki kila mwaka na sisubiri miwili.

Kwa hiyo ukichukua Glanza, kabla ya kitu kingine chochote kinachong'aa: pedi nzuri, diski mpya za mbele, hosi za breki zisizovimba, DOT 4 ya chupa iliyofungwa. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili na mpira wa plastiki. Mke wangu anakanyaga, mimi nafungua nipo chini, na maneno yetu ni matatu tu: "kanyaga", "shikilia", "achia".

Kuongeza nguvu

Runx Z kwa kweli haina mengi ya kuongeza. Toyota walishaibana injini ile mpaka karibu na mwisho wake. Filta ya wazi na egzosti kubwa vinaongeza kelele nyingi na nguvu kidogo. Ukitaka zaidi ni kufunga turbo au supachaja, na hiyo si kazi ya uani. Hela ya Runx iende kwenye matairi, shokapu, bushi za mkono wa chini na stabilaiza linki. Gari litakushukuru kila kona.

Glanza ndiyo gari la mtu anayependa kuongeza, na ndiyo hatari yake. Kila ukikutana na mwenye Glanza atakwambia funga valvu ya kuongeza busti, kitu kidogo cha shaba kinachofungwa kwa dakika kumi. Usikifunge. Turbo ya CT9 ni ndogo. Ukiisukuma zaidi inatoa hewa ya moto, na mafuta ya kiwandani hayatoshi kuipoza. Huko ndiko ngazi za ringi zinakovunjikia. Kumbuka pia kwamba hapa juu turbo tayari inafanya kazi zaidi kuliko pwani ili kufikia baa zilezile.

Kabla ya kuongeza, rudisha iliyopotea. Gari la miaka karibu 30 linavujisha hewa kwenye hosi zake. Mimi nilitengeneza kipimo changu kwa kifuniko cha bomba la plastiki la maji, nikakitoboa katikati nikaingiza valvu ya tairi la tubeless, nikakifunga kwenye mdomo wa turbo kwa klipu, kisha nikapampu kwa pampu ya baiskeli hadi baa 0.5, si zaidi. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Hosi ya chini ya intakula ilitoa mapovu makubwa kama ya mtoto anayechezea sabuni. Ilikuwa na ufa upande usioonekana. Kubadilisha hosi ile moja kulirudisha nguvu niliyoihisi waziwazi kuliko egzosti niliyoifunga baadaye. Baada ya hapo: egzosti isiyobana, na ukiwa na uwezo, intakula ya mbele inayopata upepo. Ishie hapo na busti ya kiwandani, na injini itakaa.

Magari yote mawili yaliundwa kwa petroli ya Japani yenye okteni ya juu. Mwinuko wetu unaisaidia Runx hapa, kwa sababu hewa nyepesi inapunguza kugonga kwa injini isiyo na turbo. Glanza haipati msaada huo kwa kiwango kilekile, na ni sababu nyingine ya kuiacha busti ilivyo.

Spea na bodi

Kwa shokapu, vioo, taa, bampa na bushi, Runx inashinda mbali. Runx za kawaida zimejaa mitaani na spea zake ziko kila duka. Angalia tu haba (kitovu cha gurudumu), kwa sababu Z ina boliti tano za gurudumu wakati za kawaida zina nne, na vitu vya breki na haba havibadilishani. Starlet zinapungua. Vioo na milango unavipata kwa magari yanayokatwa, na turbo au kompyuta ya Glanza utaagiza Dar, ije kwa basi la usiku, uende kuipokea stendi asubuhi.

Bodi ya Runx ni ya kisasa zaidi na imara zaidi. Glanza ni bati jepesi la miaka ya tisini. Nikiwabeba watoto safari ndefu, naazima gari la mdogo wangu.

Na Impreza?

Wengi wataniuliza kwa nini nimeruka Subaru, na Mbeya ni mji wa Subaru. Impreza WRX ya GDA, yenye EJ205 na nguvu farasi 250, inayaacha haya yote mawili, na kwenye matope ya kifuku hakuna ubishi. Lakini ina hedi mbili, gasketi mbili, plagi zilizobanwa pembeni kati ya injini na chesisi, na mkanda wa taimingi ambao ukikatika valvu zinapigana na pistoni. Kazi nyingi za hedi zinafanyika vizuri injini ikiwa imeshushwa. Kama una winchi na rafiki fundi, sawa. Kwa jeki moja na stendi mbili, utalia.

Nani achukue lipi

Unaishi Mbeya, Tukuyu au Njombe, gari ni la pili nyumbani au huna familia ya kubeba, na unataka kujifunza injini kwa kuishika: Glanza, ya manyuali, iliyo karibu na hali ya kiwandani. Iliyokwisha kuongezwa busti iache hata kama inang'aa.

Una familia, unasafiri Dar mara kwa mara, na unataka gari lenye mbio ambalo pia linakupeleka kanisani au msikitini bila maandalizi: Runx Z, ya gia sita za manyuali. Ile ya otomatiki ya gia nne inakunyima nusu ya raha na nusu ya uwezo wa kuteremka kwa gia. Tenga fedha ya boliti za roka siku hiyohiyo unapolipa gari.

Lolote utakalokwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na nenda mapema, baridi ikiwa bado ipo. Shika rejeta, iwe ya baridi. Fungua kifuniko uone rangi ya maji. Chomoa kijiti cha oili, uone kiwango na rangi. Kwa Glanza, simama nyuma ya egzosti linapowashwa, liache lingurume dakika kumi, kisha mtu akanyage na uangalie moshi. Kwa Runx, subiri mshale wa joto ukae mahali pake, tafuta barabara isiyo na watu, ingiza gia ya pili, upande hadi zaidi ya 6,200, na usikilize kama sauti inabadilika. Isipobadilika, usianze kuongea bei mpaka tapeti kava imefunguliwa.